Stempu za Baba, Meza za Alawi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Arobaini ya Baba imeisha. Dua imesomwa, pilau imeliwa, masufuria yameoshwa. Halafu Ami Farhan, mdogo wake Baba, akatuita sebuleni mimi na mdogo wangu Alawi. Akasema marehemu alimwachia neno kule hospitali: stempu na bahasha zote apewe Alawi. Ndiye mtoto wa kiume, ndiye atakayezitunza. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikaendelea kumimina.

Kisukari kilimpofusha Baba zamani. Tangu hapo mimi ndiye mkono wake. Jioni nikishafunika cherehani, tunakaa. Anataja kisiwa, mimi naandika. Ndani ya bahasha naweka bahasha nyingine yenye anwani yetu ya hapa Mbeya, kuponi ya kulipia majibu, na ombi kwa bwana posta wa huko: tubandikie stempu ya kwenu, gonga muhuri unaosomeka. Miezi inapita tunasahau. Kisha siku moja nafungua sanduku la posta, mwandiko wangu mwenyewe umerudi kutoka Greenland. Kutoka Samoa. Baba anaipapasa bahasha, ananiuliza muhuri umekaaje. Bahasha nzima ndiyo mali, alikuwa akisema. Ukiibandua stempu umebaki na kikaratasi cha rangi.

Alawi hakukaa nasi hata jioni moja. Leo kapakia maboksi yote kwenye pikapu, kaondoka nayo Iringa. "Asante kwa kumtunza Mzee, Dada." Kama mtu anayemshukuru nesi.

Baba, kwa nini? Najua marehemu haulizwi. Nauliza.

Jumanne, 17 Juni

Baridi ya mtaa wetu wa Iyunga imeingia hadi kwenye mifupa. Rafu tupu. Nimepita posta kwa mazoea tu, nikakuta bahasha kutoka Visiwa vya Faroe. Tuliituma Baba akiwa hai. Stempu ya kondoo, muhuri safi kabisa. Nimerudi nyumbani nikausoma muhuri kwa sauti, mji na tarehe, kama nilivyokuwa nikimsomea. Nikajisikia mjinga.

Sikumwambia Alawi. Hii haikuwa kwenye pikapu.

Alhamisi, 3 Julai

Asmaa, mke wa Alawi, kanitumia picha kwenye simu. "Wifi, ona maajabu!" Meza. Meza ya mgahawa wanaofungua pale Iringa. Juu yake stempu zimebandikwa kwa gundi, zimepangwa kwa rangi, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, halafu zikamwagiwa vanishi nzito inayong'aa kama kioo.

Niliikuza ile picha kwa vidole. Nikaiona Samoa. Pembe moja imechanika.

Nikamwandikia: bahasha zake ziko wapi? Akajibu na vikatuni vya kucheka. Zile kuukuu? Fundi Anord kawashia moto wa takataka.

Nimeshona gauni la mteja mikono yote miwili kushoto. Nimefumua. Nimelala saa za Alasiri, jambo ambalo silifanyi kamwe.

Jumapili, 20 Julai

Alawi kapiga simu. Mafundi wanachana stempu, anasema, wanabandua kwa kisu. Limebaki boksi moja na uzinduzi ni Jumamosi. "Njoo utusaidie, Dada. Wewe na Mzee mlikuwa mnajua kuzitoa bila kuziumiza."

Nikamwambia nipe hilo boksi. Nitakuletea stempu nyingine, zile zisizo na bahasha, rangi tupu, utajaza meza mpaka uchoke.

"Hapana. Hizi ndizo za Mzee. Zilikuwa zinaoza ndani ya maboksi. Sasa watu watamkumbuka kila siku, wakinywa chai."

Ubaya ni kwamba anaamini anachosema. Angekuwa na roho mbaya ningemtukana, nikalala.

Nikasema nitakuja.

Jumatano, 23 Julai

Iringa. Basi limenishusha mchana. Njia nzima kuanzia Rujewa nilikuwa napanga maneno, nilipofika hata moja sikulipata.

Mgahawa ni mzuri. Niandike ukweli. Madirisha makubwa, viti vipya. Anord alikuwa anapumzika, kikombe chake kimekaa juu ya stempu ya Islandi. Kaacha duara la maji. Akalifuta kwa kiganja, akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama." Yeye hana kosa.

Jioni nikamwambia Alawi kila bahasha katika lile boksi nimeiandika mimi. Akatoa moja, akaitazama, akacheka kidogo.

"Ndiyo maana nashangaa, Dada. Mwandiko wako, anwani yetu. Umejiandikia mwenyewe barua. Mtu ataitunza ya nini?"

"Muhuri, Alawi. Imefika huko ikarudi."

Akairudisha ndani ya boksi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba Baba alimwambia kazi yote ya kuchagua na kutafuta ilikuwa yake Baba. "Alisema Shufaa alikuwa anaandika tu."

Anaandika tu.

Sikula. Asmaa akadhani ni uchovu wa safari.

Alhamisi, 24 Julai

Nipo jikoni mwa mgahawa. Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, ndilo nililokuja nalo.

Asubuhi Alawi kaenda Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu na nyanya za Jumamosi. Kaniachia beseni, maji ya vuguvugu, taulo na lile boksi. Nilishafanya hesabu zangu usiku: nikikataa, Anord atatumia kisu. Nikikubali, angalau zitatoka nzima. Nikachukua ya juu, kutoka kisiwa kimoja cha Ureno. Nikaizamisha. Gundi ikalegea, stempu ikateleza yenyewe, haikupata hata mkwaruzo. Asmaa akasema, "Ona, mkono mwepesi."

Nikaitazama bahasha. Muhuri ulikuwa umegongwa nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi. Sasa duara limekatika. Upande mmoja umebaki mkononi mwangu na jina langu la ukoo, wino unachuruzika. Mwandiko wangu unayeyuka na ni mimi niliyeutia majini.

Nikafuta mikono. Nikafunga boksi. Nikaliweka sakafuni, nikalikalia.

Asmaa alidhani natania. Alipoona siondoki akampigia Alawi, hakupatikana, akampigia Ami Farhan, akaweka spika. Ami akaanza: mwanangu, usitutie aibu, mpe mwenzio mali yake.

Nikamuuliza, "Ami, Baba alisema kweli vile? Au ni wewe uliyeona hivyo?"

 Nilisikia redio yake nyuma. Nilitaka aseme amekosea. Nilitaka sana.

"Alisema, Shufaa. Nilikuwepo. Aliyasema mara mbili, na akili yake timamu."

Asmaa akainamisha macho. Anord alikuwa mlangoni na kisu chake cha kubandulia, hajui aingie au atoke.

Nikasema, "Basi Baba alinikosea."

Sijawahi kulisema hilo, hata peke yangu.  Ami akasema astaghfirullah. Sikulirudisha neno. Asmaa akazima simu.

Hiyo ni tangu kabla ya Adhuhuri. Sasa miguu imekufa ganzi. Asmaa kaniletea uji, kauweka sakafuni karibu yangu, karudi kukata karoti. Hajaniomba tena niinuke.

Pikapu imeingia uani. Nasikia wanashusha magunia. Alawi anaita, "Dada? Zimekauka?"

 Anafuta viatu mlangoni. Bado nimelikalia boksi.