Simu Ambayo Nyagoa Hakuisikia

Nawoitorong,
Lodwar.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Abuk,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua zimeanza huko Bor? Sisi miili ni mizima, ila mioyo imechubuka. Pokea tena pole yangu kwa mwanao Makur. Siku ile ulipopiga simu nililia tu, nikashindwa kukueleza.

Nimesikia mnavyoambiwa huko, eti Nyagoa, muuguzi wa zahanati, aliona simu yetu ikiita akaiacha kwa kuwa sisi si kabila lake. Shangazi, mimi ndiye niliyepiga. Nisikilize.

Ugomvi ulianzia bombani, kwa foleni ya maji. Kufikia adhuhuri vijana wa bloku mbili za kambi ya Kakuma walikuwa wakikatana kwa panga. Tuliwaingiza watoto katika darasa langu la kompyuta, Makur akasimama mlangoni na kiti cha chuma. Walimkata mkono. Wakamkata tena pajani. Alianguka kwa ndani, nami nikasukuma dawati kuziba mlango. Damu yake ilitambaa hadi kwenye miguu ya watoto.

Simu za mkononi hazikushika mtandao. Tulibaki na kompyuta, ambayo huwa tunaitumia kupigia zahanati kupitia antena yetu wenyewe. Nilipiga, nikapiga. Kimya.

"Hao wametuacha tufe," akasema mwalimu mwenzangu Mugure. Maneno hayo ndiyo yaliyowafikia ninyi.

Sasa elewa. Kila kompyuta ina anwani yake. Yetu ilikuwa 192.168.4.20, ya zahanati 192.168.5.10. Kuna namba nyingine, 255.255.255.0, tunayoiita maski. Hiyo huiambia kompyuta sehemu ipi ya anwani ni mtaa na ipi ni nyumba. Kwa maski hiyo, mafungu matatu ya mwanzo ni mtaa, la mwisho ni nyumba. Basi sisi tulikuwa mtaa wa nne, wao wa tano. Aliye mtaa wako unamwita moja kwa moja. Wa mtaa mwingine, lazima ujumbe uvushwe na kifaa kinachoitwa ruta. Na ruta yetu ilikuwa katika kibanda cha mlinzi.

Nilichungulia dirishani nikaona kibanda kinawaka. Ndipo nikajua kwamba simu zangu hazikuwa zimetoka hata pale shuleni. Nyagoa hakusikia chochote.

Antena ya paani, inayotazamana na ya zahanati na ambayo waya wake unaingia moja kwa moja darasani, ilikuwa bado hai. Nikabadilisha anwani yetu iwe 192.168.5.77, namba isiyo na mwenyewe, tukawa wa mtaa wao bila kuhitaji ruta. Nikapiga. Nyagoa akapokea papo hapo.

"Arek, nani ameumia?"

"Makur. Anavuja sana. Na lango la mbele wamelishika."

"Mfunge juu ya kidonda, kaza kabisa. Tunapitia lagani."

Walikuja kwa mkondo ule mkavu nyuma ya shule, ambulensi ikipigwa mawe na vijana wa kabila la Nyagoa mwenyewe, wakimwita msaliti. Kioo kilimpasua shavu. Njia yote ya kuja Lodwar aliubana mshipa wa Makur kwa vidole, damu ya shavu lake ikimdondokea Makur kifuani.

Makur aliuliza, "Watoto?" Nikamwambia wote wako salama. Alikata roho kabla hatujaingia mjini, na Nyagoa hakuachilia mpaka daktari alipoviondoa vidole vyake pale kwenye mshipa.

Mwanao Lueth amenitumia ujumbe kwamba anakuja na wenzake kumtafuta Nyagoa walipize kisasi. Shangazi, nyumba ya Nyagoa imechomwa. Yuko hapa kwangu, shavu limeshonwa, anakunywa uji tu. Msomee Lueth barua hii yote. Mwambie pia kwamba akibisha hapa, mimi ndiye nitakayefungua mlango, na sitampisha.

Nisalimie Mama Akon na mzee Mading, na watoto wa Achol usiwasahau. Mungu aliyempokea Makur akupe usingizi usio na ndoto mbaya.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye daima,
Arek