Siku Baba Alipoapa Komini

Jumatano, Januari. Mawingu tangu alfajiri na mvua hakuna. Mlima wa volkano umejifunika, upepo unatuletea moshi wake, koo linawasha. Hatuna umeme, leo siku ya tatu.

Mizinga ya vita upande wa Sake inasikika hadi huku kwetu Majengo, hapa Goma. Mama anasema ni radi. Anasema hivyo huku akianika nguo, kwa hiyo naye anajua.

Leo majina yetu, langu na la Faustin, yamebandikwa kwenye ukuta wa komini, ofisi ya serikali ya eneo letu: watu hawa wawili wanataka kuoana. Nimelisubiri tangazo hilo mwaka mzima. Limebandikwa, nami naogopa kama mtu aliyeitwa polisi. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia.

Niyaeleze tangu mwanzo, kwa wanaofika hapa mara ya kwanza. Faustin ni mchumba wangu. Ni fundi wa pikipiki, amezaliwa Kiwanja, ni Mkristo, na kwao wanasema Kinyarwanda. Mimi naitwa Mwamini, binti wa Papa Ramazani, sisi ni Waislamu wa Majengo ambao babu zao walitoka Maniema na mizigo ya biashara kichwani. Imamu wetu alitaka Faustin asilimu kwanza. Padri wa mama yake alitaka mimi nibatizwe kwanza. Tukavutana weee, hadi familia zote mbili zikakubaliana juu ya jambo moja tu: ndoa ya komini. Kwa hiyo kwetu sisi komini ndiyo kila kitu. Ikishindikana pale, hakuna pengine.

Na tunaitaka sasa. Watu wameanza kufunga mizigo. Mlima ulipolipuka mara ya mwisho niliona jinsi watu wanavyokimbia: mke na mume wasio na karatasi ni watu wawili tu waliokutana njiani, mmoja anapandishwa gari hili, mwingine lile. Kuna jirani yetu aliyemtafuta mumewe wiki mbili.

Sasa niungame. Kosa ni langu.

Nina kibanda cha fotokopi karibu na komini. Kazi yangu ni kuandaa dosie za watu, mafaili ya kupeleka ofisini: ndoa, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya kazi. Najisifu, tena kwa sauti, kwamba dosie iliyopita mikononi mwangu hairudishwi. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wananitazama mimi.

Faustin hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hata kadi yake ya uchaguzi ilibaki Kiwanja siku walipokimbia. Alisema tutafute njia nyingine. Mimi nikasema hapana, nataka cheti halisi, kutoka kule alikozaliwa, chenye sahihi na muhuri. Nikampigia simu shangazi yake, ambaye hakukimbia. Shangazi akaenda biroo, ofisi ya vyeti, akakipata bila shida, akamkabidhi mama mmoja muuza maharagwe anayejua kupita vizuizi vyote vya barabarani. Kikafika Ijumaa ndani ya mfuko wa unga. Nilifurahi sana. Nikakipangusa unga, nikatoa kopi tatu.

Muhuri niliuona. Mkubwa, wa buluu, wino bado mbichi. Sikuusoma.

Mimi, ambaye nakula kwa kusoma mihuri.

Kiwanja iko mikononi mwa waasi miaka sasa. Biroo ni ileile, pengine hata karani ni yuleyule wa zamani, lakini muhuri ni wao. Nilichukua karatasi yenye muhuri wa waasi, yenye jina la kijana anayesema Kinyarwanda kama wao na tarehe ya mwezi huu, nikaipeleka kwa mikono yangu kwenye ofisi ya serikali, huku mizinga inalia. Siku hizi kijana anachukuliwa na askari kama mpelelezi kwa sababu ya meseji tu kwenye simu yake, na mama yake anazunguka na chakula kwenye bakuli bila kujua akipeleke wapi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Karani anaitwa Papa Kasereka, mzee wa miwani, tunafahamiana kwa sababu ya kazi. Alikuwa anafungua kurasa za dosie yetu na kunisifu kwa usafi wake. Halafu akafika kwenye cheti cha Faustin. Akasimama, akaufunga mlango, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika.

"Mwamini, hii karatasi umeonyesha nani?"

"Hakuna mutu, Papa."

"Kopi ziko ngapi?"

"Tatu. Mbili ziko mu dosie. Moja iko ku mashine."

"Enda uilete. Usikimbie. Tembea sawa mutu mwenye anaenda kununua mukate."

Nilitembea. Sijawahi kutembea mwendo mrefu namna ile, na kibanda changu hakifiki hata mita mia. Niliikuta kopi juu ya mashine, imelala uso juu, na mteja mmoja ameegemea pale akinisubiri. Sijui kama alisoma. Alilalamika tu kwamba nimechelewa.

Papa Kasereka alinirudishia vyote, cheti na kopi. Akasema nikavichome. Kisha akaniambia njia anayoiona yeye. Moto wa mlima ulipopita katikati ya mji, mimi nikiwa mtoto, vitabu vingi vya vizazi viliungua. Hata cheti changu mimi ni cha baadaye. Baba alikuja kuniapia kwamba nilizaliwa hapa, na ilikuwa kweli. Nusu ya watu wa rika langu wana vyeti vya namna hiyo.

"Tutaandika alizaliwa Goma," alisema. "Mulima ulikula vitabu, hakuna mwenye atauliza. Ila niko na lazima ya muzee mwenye alikuwa hapa ile miaka, aape. Na mufanye mbio. Mi bibi yangu na watoto nawavusha mupaka, Gisenyi, hii juma. Sijue kama Jumatatu mutanikuta."

Mzee gani? Ndugu wote wa Faustin ni wa Kiwanja. Wazee wa mtaa wetu wanapenda hadithi. Ukimwambia mmoja jambo saa nne, saa sita limefika sokoni. Alibaki mmoja.

Baba yangu aliendesha malori maisha yake yote na hakuwahi kudanganya polisi wa barabarani. Madereva wenzake walikuwa wanamcheka. Ukimkaribisha chai akaiona haina sukari, atakuambia. Ndoa hii aliikubali kwa nusu ya mdomo, na hadi jana hakuwahi kumwita Faustin kwa jina. Alikuwa "yule kijana."

Nilimweleza jana, baada ya sala ya alasiri. Sikuficha kitu. Nilimwambia na habari ya muhuri, na kwamba ni mimi niliyeuleta. Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Sijaapaka uongo," alisema. "Hata siku moja."

"Najua, Papa."

"Wakimukamata, watamufanya nini?"

Baba akainuka, akaenda chumbani kwake. Nilimwandikia tarehe ya kuzaliwa ya Faustin kwenye kipande cha karatasi nikakiacha mezani. Nilijua hatakwenda. Usiku mzima nilikuwa napanga nimwambie nini Faustin: aende wapi, apite barabara gani, na kama nitamwona tena.

Asubuhi nikamkuta baba mlangoni amevaa koti lake la sikukuu na kofia. Karatasi yangu ilikuwa bado mezani.

Komini tulimkuta Faustin, na watu wengine wachache. Papa Kasereka alikuwa ametoa vitabu kwenye makabati na kuvipanga ndani ya masanduku. Alimwambia baba ainue mkono. Baba akainua.

"Muzee, huyu kijana alizaliwa wapi?"

"Goma."

"Unajua namna gani?"

"Nilikuwa pale."

Akaulizwa tarehe. Akaitaja bila kusita, siku, mwezi na mwaka. Faustin akageuka kuniangalia, kwa sababu haikuwa tarehe yake. Nami nikaangalia chini. Baba akaendelea, bila mtu kumuuliza. Akasema ilikuwa mvua kubwa. Alikuwa amerudi safari usiku huo, akaenda moja kwa moja matanite, wodi ya wazazi, na mikono yenye grisi, mkunga akamfukuza akanawe. Aliporudi, mtoto alikuwa amefungwa kitenge cha njano, analia, ngumi zote mbili zimekunjwa. Alimwadhinia sikioni. Hapo karani aliacha kuandika kidogo, akamwangalia Faustin na rozari yake shingoni, kisha akaendelea.

Ile ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Amisi.

Amisi alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Siku mlima ulipoingia mjini tulikimbia kwa miguu hadi Sake. Yeye alikuwa na miaka tisa, mimi sita. Kule maji yalikuwa mabaya, akaanza kuhara, na siku ya tatu akafariki. Baba aliazima jembe akamchimbia kaburi kwenye mawe, kando ya barabara. Tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani. Mimi mwenyewe tarehe yake ya kuzaliwa naijua kwa sababu mama hufunga siku hiyo kila mwaka na hasemi anafungia nini.

Baba alishindwa kuapa juu ya kizazi ambacho hakukiona. Kwa hiyo aliapa juu ya kile alichokiona. Kila neno alilosema pale lilikuwa kweli, isipokuwa mtu.

Kwa kuwa umeme hakuna, Papa Kasereka alinipa kalamu niandike tangazo mwenyewe. Nikaandika jina langu. Nikaandika jina la Faustin, na mbele yake siku ya kuzaliwa ya kaka yangu. Mkono uliandika, umezoea kazi. Moyo ndio ulikataa. Hata sasa unakataa.

Sheria inasema tangazo likae ukutani siku kumi na tano, ili mwenye pingamizi aje aseme. Tulipotoka, mwanaume mmoja nisiyemjua alikuwa amesimama mbele ya tangazo letu. Alisoma taratibu, midomo ikitembea, kisha akatoa simu akapiga picha. Labda ni ndugu wa wale wengine waliobandikwa juu yetu. Nimejiambia hivyo mchana kutwa. Faustin aliniambia nisigeuke.

Njiani nilimuuliza kama kile cheti cha Kiwanja amekichoma. Kopi nilizichoma mimi, lakini cheti chenyewe alisema nimwachie yeye. Akanionyesha kiatu chake cha kulia.

"Wale wakiingia, hii njo itaniokoa," alisema.

"Na hawa wa serikali wakiikuta?"

Akaendelea kutembea. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Ana karatasi mbili sasa. Hapa alizaliwa Goma, kule alizaliwa Kiwanja, na siku atakaposimamishwa itabidi ajue haraka aliyemsimamisha ni nani. Mwanaume atakayenioa anatembea juu ya kifo chake, tena ni mimi niliyemwagizia.

Alinisindikiza hadi nyumbani. Baba alikuwa ametutangulia, ameketi barazani anavua viatu. Faustin akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo kwao na kwetu si kawaida ya mwanaume kulifanya.

"Aksanti, Papa."

Baba alimaliza kufungua kamba za kiatu kwanza. Nilidhani atamjibu kwa kichwa tu, kama siku zote. Ila alimwekea mkono begani, akamwita kwa jina.

"Faustin. Nimekupatia siku moja ya mutoto wangu. Ile ingine, ya Sake, usiikamate."

Akaingia ndani. Hakula mchana, na mpaka naandika haya hajatoka.

Siku kumi na tano. Kila moja inayopita inatusogeza karibu na ndoa, na inawasogeza waasi karibu na mji. Sijui nimwombe Mungu zikimbie, au nimwombe azisimamishe.