Disketi ya Kumi na Tisa

Chekalini, 9 Juni 1996

Ndugu yangu Wekesa,

Sisi hapa tu wazima, mahindi tumeyapalilia mara ya pili.

Radi ilipounguza kompyuta ya marehemu Baba, sikuogopa. Alikuwa ameinakili yote katika disketi thelathini, pamoja na historia ya ukoo aliyoiandika miaka sita. Jana fundi alianza kuzirudisha katika kompyuta nyingine. Ya kumi na tisa haikuwepo, na fundi anasema zote zimefungamana: bila hiyo hakuna kinachofunguka.

Nilimuuliza Mama. Akasema, “Zilikuwa nyingi, mwanangu. Nilichukua moja tu, nikamtilia mfukoni mwa koti tukimzika, asiende bila kazi yake.”

Kisha akaniuliza kama maneno ya Baba yamerudi. Nimemwambia yamerudi yote. Ukija Desemba, nawe useme hivyo hivyo.

Dada yako,
Nasambu