Mtu Ndani ya Kisanduku cha Kutafutia

Jumatatu, 3 Novemba

Leo mdogo wangu ametimiza siku ya nane kwangu. Anakula kidogo, analala chumba cha nyuma, dirisha tumelitundikia shuka. Simu hana. Aliitupa kwenye pipa la stendi, laini akaivunja kwa meno. Hakuna ajuaye yuko hapa ila mimi. Hata mama hajui. Tarehe 21 anapanda basi kwenda kwenye ile shule iliyompa kazi, mbali, na nyumba ya kuishi watampa. Mpaka siku hiyo nina kazi moja tu: mumewe asijue alipo.

Sasa hili la leo. Nilikuwa mezani kwangu maktabani, nataka kutafuta gundi ya kubandikia migongo ya vitabu. Nikabofya kisanduku cha kutafutia, kikashusha orodha ya yale niliyotafuta siku za nyuma, kama kawaida yake. La juu kabisa: *mbavu zilizovunjika hupona baada ya siku ngapi*.

Sikuandika mimi!

Nimemuuliza mdogo wangu jioni kama aligusa simu yangu au laptopu. Hapana. Ubavu unamuuma kweli, wa kushoto, lakini hajamwambia mtu mwingine.

Jumanne, 4 Novemba

Mengine mawili. *anakula?* Na chini yake: *analala chumba kipi*.

Nimeichomoa kompyuta ukutani, waya mkononi kama mwehu. Mwanafunzi mmoja akaniuliza mama vipi. Nikamjibu umeme mbaya, soma kitabu.

Watu wamesema miaka yote kwamba kampuni ile kubwa ya mtandao inasikiliza, ukitaja viatu nyumbani kwako kesho unaletewa viatu. Nilikuwa nawacheka. Leo nimeongea na mdogo wangu kwa kunong'ona, nyumbani kwangu mwenyewe, na simu nimeifungia kwenye jokofu. Eti jokofu! Nimechanganyikiwa.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Mama Nyaya. Ilibidi. Ni fundi kompyuta wa chuo, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na nyaya huzivaa shingoni kama fundi cherehani na tepu yake. Akasikiliza yote, akauliza swali moja: nani alikufungulia akaunti?

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka.

Shemeji. Ni yeye huyo huyo, mume wa mdogo wangu. Alitufungulia sote! Tangu aoe kwetu, kila ukoo unapokutana, harusi au msiba, anavuta kiti pembeni na kusema leteni simu. Foleni inapangwa. Mama, mashangazi, na mimi na digrii yangu ya ukutubi, nimepanga foleni nikachekelea. Anafungua akaunti, neno la siri anachagua yeye, namba ya dharura anaweka yake. "Ukisahau nitakukumbusha." Tukamwombea dua. Mama alikuwa anasema Mungu kampa mabinti wawili akamwongezea na fundi.

Mama Nyaya hakutikisika. Mashine haijui kitu, mwenzangu, akasema. Huyo ni mtu. Yumo ndani ya akaunti yako na anaandika makusudi uone.

Tukajaribu kubadili neno la siri. Ujumbe wa kuthibitisha ukatumwa kwenye namba ya shemeji. Yaani ametaarifiwa hapo hapo kwamba najaribu kumfungia mlango.

Basi, tunahama. Kila kitu. Kutafuta, barua pepe, nyaraka, picha, kalenda, ramani. Mama Nyaya anasema vibadala vipo, tena vingi ni vya bure, ila watu tumezoea kupakuliwa sahani moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Injini mpya ya kutafutia. Ndogo, haina hata rangi. Nimeandika *kufuli imara la mlango* ikaniletea historia ya milango ya kale. Nikaandika tena, ikaniletea kampuni ya milango iliyokufa zamani. Polepole, mbishi kama kuku anayeatamia.

Lakini! Nikibofya kisanduku — kitupu. Hakinijui. Hakikumbuki hata nilichouliza dakika moja iliyopita. Nimekibofya mara kumi ili tu nione utupu ule.

Nimenunua na simu ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea basi. Ya zamani nimeizima. Mdogo wangu hataki simu ya aina yoyote mpaka afike na azoee huko. Nimemuunga mkono. Kwa kweli nimemsisitiza.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Nyaya kaja nyumbani na diski yake. Tumeshusha miaka kumi na miwili yangu kutoka akaunti ya zamani. Barua, nyaraka, picha za msiba wa baba. Kompyuta imeguguna tangu asubuhi mpaka saa tisa. Programu mpya ya kuandikia nimeipenda. Inaumbua herufi za barua zangu za zamani kidogo, lakini iko humu humu ndani ya mashine, haipeleki neno nje.

Halafu tukafungua faili la kumbukumbu za mahali.

Sikujua kama lipo. Siku baada ya siku, simu imeandika kila nilipokanyaga. Kazini, sokoni, kwa mama. Nikatafuta tarehe 26 Oktoba, siku aliyofika. *Stendi, dakika 14. Duka la dawa, dakika 6. Nyumbani.* Kesho yake: *duka la dawa* tena. Na mimi sinunuagi dawa, namshukuru Mungu, hata panadoli.

Kwa hiyo anajua. Amejua tangu siku ya kwanza. Stendi, dawa, nyumba.

Sasa mbona haji?

Mdogo wangu alisimama nyuma yangu akasoma. Hakulia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: hajawahi kuwa na haraka, dada. Nilitaka kumzaba kofi yule mwanamume.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi nilikwenda polisi kabla ya kazi. Amekuja kwako? Hapana. Ametishia? Ameandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia. Afisa akanitazama kama mtu aliyepoteza mzigo. Akasema mambo ya ndoa mkae chini kama familia.

Nimebadilisha kufuli. Nimeomba ruhusa ya kwenda nyumbani mchana kila siku. Hakuna mtu getini, hakuna gari, hakuna simu ya ajabu. Kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi ndiye ninayeusubiri.

Jumatano, 12 Novemba

Leo tunafuta akaunti ya zamani. Mama Nyaya alikwishapata kitufe, kumbe kukifika ni safari: una uhakika, una uhakika kweli, utatukosa. Kabla sijabonyeza nikashindwa kujizuia. Nikafungua kile kisanduku kwa mara ya mwisho.

*asante kwa kumtunza*

Tu. Hakuna tusi, hakuna kitisho. Lo, afadhali angetukana.

Nikabonyeza. Skrini ikasema kwaheri kwa jina langu.

Mama Nyaya akanishika bega, akasema sasa huyo ni kipofu. Nikatabasamu.

Jumapili, 16 Novemba

Siku nne bila kitu. Mdogo wangu leo ametoa shuka dirishani, akafua, akaimba akifua. Amenitania kwamba barua pepe yangu mpya ina jina refu kama la hospitali. Ameniuliza watoto wa darasa la tatu wanapenda nini siku hizi. Sijui, nikamwambia, mimi watu wangu ni vitabu. Tukacheka mpaka akashika ubavu.

Nampenda huyu mtoto. Nilimbeba mgongoni. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwangusha mara moja, na sijawahi kumwambia mama.

Jumanne, 18 Novemba

Nimempigia mama kwa simu ya vitufe. Eti mkwe wake alipita juzi kumuaga, amesafiri kikazi. Aliuliza nini, mama? Hakuuliza chochote, mwanangu, mbona wamwogopa? Alininyooshea tu maandishi ya simu yakawa makubwa. Akasema nikusalimie wewe.

Amesafiri! Kaenda zake! Nimemwambia mdogo wangu, amekaa kitako sakafuni, akashusha pumzi ndefu. Siku tatu, nikamwambia. Siku tatu tu, na yeye hayupo mjini. Mungu ametuonea huruma.

Alhamisi, 20 Novemba

Mama Nyaya amenionyesha ramani huria. Inachorwa na watu wa kujitolea, yeyote anaweza kuongeza barabara au kisima. Nimemchapia mdogo wangu njia ya kutoka kituo cha basi mpaka shuleni. Ule mji haujachorwa sana: barabara kuu, mto, na shule yenyewe ni kisanduku kimoja cha kijivu katikati ya weupe. Nikamwambia utakwenda kuwachorea wewe. Ameikunja ile karatasi, kaiweka ndani ya kiatu.

Ijumaa, 21 Novemba

Saa moja na nusu asubuhi. Amepanda. Kiti cha dirishani. Hakupunga mkono, tulikubaliana asipunge. Basi linafika saa kumi jioni. Kisha dakika ishirini kwa miguu. Mkuu wa shule aliandika kwamba ufunguo ameuacha kwa mlinzi.

Nimelia kidogo kwenye choo cha stendi. Sasa kazini.

Saa nane mchana. Nimerudi kwenye ramani. Hakuna sababu, nataka tu kumsindikiza kwa macho. Nimepita barabara kuu, nimepita mto, nimefika shuleni.

Kuna kitu kipya.

Nyuma ya kile kisanduku cha kijivu sasa kuna nyumba moja ndogo. Jana haikuwepo, nina hakika, nilichapa kwa mkono wangu! Imechorwa vizuri mno. Mlango wa mbele, wa nyuma, njia ya kokoto, tangi la maji. Katika mji mzima ndiyo nyumba pekee yenye milango. Nikaibofya. *Nyumba ya mwalimu mpya.* Imeongezwa leo, saa tatu asubuhi. Mchoraji hana historia, akaunti ya leo leo. Kwenye nafasi ya kueleza amepata wapi habari zake, ameandika: *nimepima mwenyewe, niko hapa*.

Saa nane na dakika ishirini. Barua ya maombi! Barua ya mdogo wangu ya kuomba kazi niliichapa mimi, mwezi wa tisa, kwenye akaunti ya zamani. Jina la shule, mji, na jibu lao lenye tarehe ya kuanza. Yote shemeji alisoma kabla hatujahama. Hakuwa na haja ya kuja kwangu. Tumehamisha kila kitu, waraka kwa waraka, na hiyo ilipita mikononi mwangu na sikuiona. Mkutubi mimi! Hasara tupu.

Na mdogo wangu hana simu. Nilimsisitiza mimi.

Saa nane na nusu. Nimepiga ofisi ya basi. Karani anasema dereva huzima simu akiwa njiani, sheria. Nimemwambia ni suala la uhai. Akasema kila mtu husema hivyo, dada.

Saa tisa kasoro kumi. Natafuta namba ya shule. Injini yetu ndogo imenipa shule nyingine, nchi nyingine, na shairi la kusifu walimu. Mara tatu! Mama Nyaya amenisukuma kando, amefungua ile kubwa. Imemaliza jina la shule kabla hajafika nusu, ikatoa namba, picha ya geti, na saa za kufungua. Kufumba na kufumbua.

Ya mkuu wa shule haipokelewi. Kuna ya mlinzi.

Saa tisa na dakika tano. Mlinzi amepokea! Mtu mzima, sauti ya upole. Nimemwambia mimi dada wa mwalimu mpya, tafadhali ufunguo usimpe mtu mwingine yeyote. Akacheka kwa furaha. Ondoa shaka, mama, mume wake alifika tangu juzi, ufunguo anao. Amefagia nyumba, ametundika mapazia. Jana kashinda ofisini anatutengenezea kompyuta, na simu zetu zote kazipanga upya, hataki hata senti. Mmepata mtu, mama!

Nikamwambia mdogo wangu amemkimbia huyo. Nikamwambia alimvunja ubavu. Usimruhusu kwenda kituoni, niliita jina la Mungu. Akasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto: maneno ya ndoa ni ya wenyewe, mama. Ngoja nikupe uongee naye mwenyewe, myamalize.

Mama Nyaya anapiga polisi wa kule kwa simu yake. Inaita tu.

Saa tisa na robo. Mlinzi amesema nisikate. Nimeibana simu sikioni na ninaandika kila ninachosikia. Nasikia kokoto, anatembea. Nasikia anabisha hodi, anasema shemeji yako yuko hewani. Mlango unafunguliwa. Sauti ya shemeji inamjibu kwa heshima kabisa, shikamoo mzee, na mlinzi anamwambia chukua simu yangu, ongea nayo mpaka utosheke.

Nasikia ameichukua. Hasemi. Anapumua tu, anasubiri nianze mimi.