Bao Lako la Kasulu

Kitahana, Kibondo
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anatoli,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Habari za Tunduma? Wifi yangu Stumai na watoto hawajambo? Na lile goti, bado linakusumbua asubuhi? Sisi tuzima. Mama yuko nyuma yangu hapa anapiga makofi ya kukuamkia kama vile utayasikia huko. Basi yapokee, umrudishie.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja tu jina la Baba, mtandao wako unakatika. Karatasi haina mtandao, mheshimiwa. Soma mpaka mwisho.

Maharage yamekubali sana mwaka huu. Wiki nzima tunapeta na kuchambua uani, na anayetusaidia ni Mwalimu Ghati, mpangaji wetu. Ni mtu wa Tarime, serikali imemleta huku, na ndiye anayefundisha timu ya wasichana pale shuleni. Juzi nikamwambia anieleze hiki kitu kinachoitwa kuotea, kilichomtenganisha ndugu yangu na baba yake. Mimi niliyewafulia jezi miaka yote ile, nilikuwa nashangilia nisichokijua!

Akapanga maharage kwenye ungo. Mekundu sisi, meupe wapinzani, punje ya mahindi ndiyo mpira. Akasema waamuzi hawakutazami pale unapopokea mpira. Wanakutazama pale mwenzako anapoupiga. Wakati huo, kama uko upande wa wapinzani, umeutangulia mpira, na mbele yako amebaki mpinzani mmoja tu, ambaye mara nyingi ni kipa, basi ukiucheza umeotea. Nikaelewa, Anatoli! Nikajiona mwamuzi kabisa.

Halafu nikauliza: na mpira ukirushwa kwa mikono? Mwalimu akacheka. "Hapo hakuna kuotea, dada. Ukitoka moja kwa moja kwa mrushaji, hata kama umekaa na kipa mnapiga soga, bao ni halali."

Ungo ukaniponyoka. Maharage yote chini, Mama akanigombeza kama mtoto.

Maana niliiona Kasulu yote upya, siku ile ya fainali. Niliona lori tulilopanda kwa nyimbo, na ile chai ya tangawizi tuliyokunywa stendi. Nilimwona Baba na kibendera chake cha kipande cha kitenge chekundu cha Mama, kilekile alichokuwa akishika hapa nyumbani siku alizotuchorea uwanja kwa majivu na kutusukia mpira wa migomba. Siku zile wewe ulikuwa unamkimbilia kila ukifunga, mnaanguka wote wawili kwenye nyasi. Nazikumbuka siku hizo kuliko chakula.

Fainali ile mshika kibendera hakufika, wakampa Baba. Watu wa Muyama, wapinzani wetu, wakanung'unika kwamba atambeba mwanawe. Pasikali wetu akarusha mpira kwa ile mikono yake mirefu, wewe ukiwa peke yako nyuma ya mabeki, ukaupiga kichwa, wavuni. Kibendera kikapanda, bao likakataliwa. Kasulu nzima ikabishana ulikuwa umesimama wapi, na wewe mwenyewe ukabishana hivyohivyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mpira umetoka wapi. Tukafungwa, na wewe hukupanda lori kurudi. Mpaka leo.

Nilimwambia Baba. Akasema, "Hiyo ya kurusha sikuijua, mwanangu. Lakini siku ile macho yangu hayakuwa kwenye mpira. Yalikuwa kwa watu wa Muyama, wasije wakasema nambeba Anatoli."

Na macho yenyewe yanamwisha. Ni mtoto wa jicho. Sasa anatutambua kwa sauti, na uso anauona ukimsogelea karibu sana.

Jana jioni aliomba nimshike mkono twende uwanjani. Hapakuwa na mechi, ni mbuzi tu walikuwa wanakula. Akasimama kwenye mstari wake wa siku zote, akatoa kile kitambaa chekundu mfukoni, kumbe bado anacho, akakinyoosha kuelekea katikati ya uwanja, kama wanavyofanya bao likikubaliwa. Nililia, sikufichi.

Akaniuliza, "Umeona?"

Nikamwambia nimeona.

"Basi mwandikie."

Ndiyo nimekuandikia. Pasikali anakusalimu, siku hizi ana kitambi na harushi kitu. Mjomba Nsengimana anakusalimu pia, na Mwalimu Ghati, ingawa hakujui. Msalimie Stumai, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia ya kuja.

Bao ni lako, mdogo wangu. Njoo umkimbilie angali anaweza kukuona.

Dada yako akupendaye,
Kezia