Niliyeitikia Jina la Rajabu

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Natumaini goti limetulia na bado unafika soko la Burma mwenyewe kununua nyama, maana najua humwamini mtu kukuchagulia. Hali yangu si ya kuficha tena. Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kwake, nami nimeelewa. Mwambie mwanao Rehema akusomee polepole, na asiruke neno hata ukimwamuru aache.

Nataka kukueleza siku aliyokufa Rajabu, mchumba wako.

Yalikuwa majira yetu ya kwanza ya baridi huku. Wanafunzi wageni tulipandishwa basi tukaonyeshwe mji. Asubuhi tulisimama darajani tukatazama mto ulioganda. Watu walikuwa wakitembea juu yake, watoto wakiteleza. Rajabu alicheka mpaka akashika tumbo.

"Nani atatuamini kwetu Shauri Moyo? Mwanaidi atasema nimeanza ulevi!"

Baadaye tulipanda kwenye ngome ya wafalme wao, kilimani. Alasiri ilipoingia, Rajabu alijitenga nyuma ya ukuta kuswali. Unakumbuka mchezo wetu wa shuleni: mmoja akienda kuswali, mwenzake anamwitikia jina ili mwalimu asimchape. Huku tuliuendeleza. Mlezi wetu hakuwa na habari ya kuhesabu vichwa. Tuliporudi kwenye basi alisoma majina tu, macho yakiwa kwenye saa.

"Rajabu!"

"Nipo!" nikaitikia, nikiigiza sauti yake nzito.

"Rajabu gani huyo mwenye kichwa cha Sudi?" akasema kijana mmoja wa Tanga nyuma yangu, akinigusa kisogo. Waliojua Kiswahili wakaangua kicheko, nami nikacheka. Mlezi hakuelewa. Akatia alama.

Nilidhani atatokea kabla mlango haujafungwa. Basi likaondoka. Ningeweza kupiga kelele, lakini wiki ile ile nilikuwa nimeonywa: kosa moja zaidi, narudishwa nyumbani. Nikamwona baba akinipokea stesheni bila kuniangalia usoni. Nikajiambia atatufuata.

Alitufuata. Makumbusho tuliyokuwa tukienda yalikuwa ng'ambo ya mto, na ukiwa ngomeni unaliona basi likizunguka mbali hadi darajani. Akakata njia juu ya barafu, mahali ambapo mwenyeji hakanyagi. Tungejuaje sisi kwamba barafu haina unene mmoja? Nilikuwa dirishani. Nilimtambua kwa koti lake. Alitupungia mkono. Kisha hakuwapo.

Mlezi alituuliza, "Aliitikia jina lake. Alishuka saa ngapi?" Yule wa Tanga akanitazama. Nikatazama sakafu. Hivyo barua ikaandikwa kwamba Rajabu aliitikia, kisha akatoroka kwenda kujifurahisha mjini. Barua hiyo ndiyo iliyofika kwao. Mama yake alikufa akiiamini. Wewe ulirudisha kanga za posa, ukaniandikia kwamba Mungu amekuepusha na mume mtoro. Niliisoma, Mwanaidi, nikakujibu habari za mitihani.

Maisha yangu yote huku, mto ukiganda sipiti darajani. Siku hizi sitoki kitandani, lakini ikifika alasiri husikia mtu akisoma majina, na kinywa changu hufunguka chenyewe. Muuguzi huniuliza naongea na nani.

Mlikuwa mkiuliza mbona sirudi. Mkasema ni mke. Alipofariki, mkasema ni kazi. Rajabu amezikwa hapa, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtembelea.

Mpelekee barua hii mdogo wake, Athumani, pale buchani kwake. Aisome, kisha awaambie watu wao kwamba ndugu yake hakutoroka. Alikuwa akiswali.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wako ambao sikuwahi kuwabeba. Nisalimie pia yule jirani yetu fundi cherehani. Mwambie koti alilonishonea lilinifaa miaka mingi.

Kando ya kaburi la Rajabu pana nafasi. Mwanangu anataka kuniombea nizikwe hapo, nami nimemzuia mpaka mnijibu. Wewe na Athumani mkisema nisilale karibu naye, nitawekwa kwingine, wala sitawalaumu. Ila msichelewe kunijibu.

Ni mimi nduguyo,
Sudi