Sigara Aliyoikataa Kaka Yako

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mapacha wenu. Mimi mwili haunidai kitu, moyo ndio mgonjwa. Mama anatembea vizuri, goti limempa likizo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, nikifika kwa kaka yako, sauti inanikimbia.

Unamjua akiwa karakana: penseli sikio hili, sigara sikio lile. Tukimwambia aache, alikuwa akijibu "Nitaacha," kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba kabati litakuwa tayari kesho.

Mwaka jana kikohozi kilipombana nilimburuta hadi zahanati. Muuguzi hakumhubiria. Alimuuliza tu, "Baba, unataka kuacha, au unataka mkeo anyamaze?"

Kaka yako akacheka. "Anyamaze."

Nilitamani ardhi inimeze. Muuguzi akamwambia, "Afadhali umesema kweli. Siku ukitaka kitu kingine, rudi."

Basi nikanyamaza, wifi, ingawa ulimi uliniwasha. Miezi ikapita. Siku moja alirudi mapema kutoka kazini, akaketi mlangoni kuvua viatu, akaniambia, "Nimetoka kwa yule muuguzi. Nilikwenda peke yangu." Nikamuuliza kimetokea nini. Akasema hakuna. Alikuwa anapiga msasa kitanda cha mtoto wa mteja, akasimama kwenda kuwasha sigara, akajiona tu amechoka kutumwa nayo.

Haikuwa rahisi. Alinuna, alitafuna penseli, alitugombeza kwa sababu ya chumvi. Kuna siku aliteleza, na kesho yake akaenda mwenyewe kumwambia muuguzi, akaanza upya. Lakini aliacha kweli. Mama alikuwa akilinusa shati lake na kutabasamu, likinukia mbao tupu.

Kikohozi ndicho hakikuacha. Alipimwa tena hospitali kubwa. Ni saratani ya mapafu, wifi, na imeshasambaa. Daktari amesema watamsaidia apumue na asipate maumivu makali. Kupona hakukutaja.

Juzi nilimkuta ameketi kitandani, anatazama ukuta, mikono imelala mapajani kama si yake. Huruma ikanizidi. Mimi, niliyempigia kelele miaka yote, nilitoka nikaenda dukani nikamnunulia sigara. Nikamwambia, "Vuta, baba, kama itakupa faraja. Sasa itakudhuru nini tena?"

Aliishika, akaivingirisha vidoleni, akainusa. Nilidhani ataniomba kiberiti. Akanirudishia.

"Dawa naamuliwa," alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Kula naamuliwa. Hata kulala. Hili niliamua mwenyewe, mke wangu. Niachie."

Niliivunjavunja jikoni, nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia.

Ukiweza kuja, njoo upesi. Na ukifika, tafadhali usimuulize kwa nini hakuacha mapema. Swali hilo analala nalo. Mwambie tu umesikia kwamba aliacha. Atafurahi kuambiwa na wewe.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwakumbatie kwa niaba ya mjomba wao. Mama anawaombea nyote. Mungu akufungulie njia, utukute tungali wote.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Wifi yako.